Laptopu Haijakufa, na Huyo Fundi Hajaangalia

Wacha nianze na kosa langu, ndio msiseme nawatupia wengine mawe na langu nimelificha. Mwezi uliopita niliposti video ya dakika tatu nikionyesha vile nimeokoa laptopu ya zamani ya binamu yangu kwa kuiwekea Linux. Muziki uko, natabasamu, mashine inawaka haraka kama imetoka dukani. Mlipenda sana. Kesho yake asubuhi hiyo mashine haikuwaka. Hiyo sikuwaambia. Leo nawaambia, na nawaambia pia vile familia yetu ilikaribia kuingia kwa deni la maelfu kwa sababu ya betri ya shilingi mia mbili.

Mnajua mahali hii stori inaanzia. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo inataka kifaa cha usalama kinaitwa TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, ukitoa chache sana. Sasa tembea hapa kwetu Mukurweini, uanze Kiahungu ushuke mpaka Gakindu, uulize wanafunzi wako na laptopu gani. Ni zile za ex-UK. Zimefanya kazi kwa ofisi za wazungu miaka yake, zikapanguswa, zikaletwa. Zile nimeshika kwa mikono yangu nyingi ni za kizazi cha tatu, cha nne, cha tano. Mashine ni nzima, kibodi ni nzuri kuliko ya hizi mpya za plastiki, lakini kampuni imeamua muda wake umeisha.

Ya binamu yangu ni ya mwaka wa 2013, RAM ni GB 4. Tata yangu aliinunua kwa pesa ya maziwa. Kahawa ikilipa, ada ya shule huwa tayari imesimama mlangoni inangoja. Maziwa ndiyo huleta kitu kila mwezi, kidogo kidogo, na hicho kidogo ndicho tata aliweka kando karibu mwaka mzima. Msichana anasoma diploma na alikuwa amebakisha siku kumi kupeana ripoti. Windows ilikuwa inachukua dakika sita kufunguka. Mimi, mjuaji wa familia, nikasema leteni.

Jumamosi usiku nikaiwekea Linux Mint. Nikafuata ule ushauri kila mtu hutoa, na mimi nimewahi kuutoa hapa: ingia kwa mipangilio ya BIOS, zima Secure Boot, toa UEFI uweke Legacy, chomeka flashi, endelea. Ikakubali. Nikarekodi, nikazima, nikachomoa chaja, nikapelekea binamu nyumbani kwao. Jumapili asubuhi akaiwasha: skrini nyeusi, maandishi meupe, "No bootable device."

Tata hakunipigia simu. Alikuwa amekasirika, na ningekuwa yeye pia ningekasirika. Jumatatu akapanda matatu na laptopu kwa kiondo akaipeleka kwa fundi, mji sitautaja. Fundi akabonyeza kitufe, akasoma yale maandishi, akazima. Dakika mbili. Akamwambia, "Mama, bodi imekufa. Hiyo Linux ndiyo imeichoma." Kubadilisha bodi, elfu nane mia tano. Ama aiache hapo ahesabiwe elfu tatu, aongeze ishirini na tatu achukue nyingine iko na Windows 11. Tata akatoka hapo akaenda moja kwa moja kwa mweka hazina wa chama kuuliza mkopo. Huyo mweka hazina ni mama yangu. Ndio nikajua.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu huliwa.

Laptopu ikiwaka, kitu cha kwanza kuamka si Windows wala Linux. Ni programu ndogo imekaa ndani ya bodi yenyewe, zamani tuliita BIOS, siku hizi ni UEFI. Kazi yake ni kuangalia kama RAM iko, kibodi iko, diski iko, halafu inatafuta ni nani wa kukabidhiwa mashine. Ikimpata, inamkabidhi na yeye anaendelea. Ikimkosa, inaandika yale maandishi meupe.

Mtu wa Mukurweini hahitaji digrii kuelewa hii. Gari la maziwa linapita asubuhi na njia yake linaijua. Sasa wewe umehamisha debe lako kutoka barabara ya juu ukaliweka barabara ya chini. Gari limepita juu, halijaona debe, limeenda. Je, ng'ombe amekufa? Ng'ombe yuko zizini anatafuna napier. Maziwa yako kwa debe. Kilichoharibika ni mapatano ya mahali pa kukutana. UEFI na Legacy ni hizo barabara mbili. Ukiweka Linux kwa njia ya Legacy halafu mashine itafute kwa njia ya UEFI, haitaipata, hata kama imelala pale kwa diski ikiwa nzima kabisa. Huyo fundi alimwambia tata yangu auze ng'ombe kwa sababu gari limepita.

Na angalieni hayo maandishi yenyewe. Ni nani aliyaandika kwa skrini? Ni ile programu iliyo ndani ya bodi. Bodi ndiyo inakuambia kwa maneno yake kwamba haijaona wa kumkabidhi. Maiti haiandiki barua. Fundi aliye na duka na kibao cha rangi anasoma ujumbe kutoka kwa bodi halafu anatangaza kifo cha bodi!

Jaribio la kujua ukweli halina gharama. Chukua ile flashi uliyowekea Linux, ichomeke, washa, bonyeza kitufe cha menyu ya kuwasha. Kwa nyingi ni F12 ama F9, kwa nyingine ni Esc. Chagua flashi. Linux itafunguka kutoka kwa flashi yenyewe bila kugusa diski. Ikifunguka, ukaona picha, ukasogeza mshale, umemaliza kesi. Bodi inafanya kazi. Prosesa inafanya kazi. RAM inafanya kazi, skrini inafanya kazi. Kilichobaki kushukiwa ni diski na mapatano ya kuwasha, basi. Flashi ndiyo shahidi, na shahidi huyu hahongwi.

Jumanne jioni nilifanya hivyo mbele ya tata. Ilifunguka. Hakusema kitu, akaniangalia tu, halafu akaangalia risiti ya mia tano aliyolipa huko kwa "kuangaliwa".

Kitu cha kwanza nilifanya si kutengeneza. Ni kufungua diski kutoka kwa ile Linux ya flashi na kunakili ripoti ya binamu kwa flashi nyingine. Tafadhali shikeni hii hata kama hamtashika nyingine: mashine kutowaka si faili kupotea. Mtu asikuambie lazima afute kila kitu kabla hujajaribu kutoa faili zako. Na mimi nilipaswa kufanya hivyo Jumamosi kabla sijagusa chochote kizito. Ilikuwa bahati tu kwamba binamu alikuwa ameweka nakala kwa barua pepe ya zile kurasa za kwanza.

Halafu nikaingia kwa mipangilio. Nikapata imerudi UEFI. Nikashangaa, kwa sababu Jumamosi niliiweka Legacy kwa mkono wangu na mko nayo kwa video. Nikarudisha Legacy, nikawasha, Linux ikafunguka. Nikajipongeza. Jumatano stima ikapotea kwa saa mbili, na hiyo laptopu betri yake kubwa ilishakufa zamani, huishi kwa chaja. Stima ikarudi. Laptopu: "No bootable device."

Nitakubali kitu. Hapo roho ilishuka na nikaanza kufikiria pengine fundi alikuwa sawa. Saa nne za usiku, binamu amekaa kando yangu, ripoti ni ya wiki ijayo, na mama hapo kando ananiuliza kama aidhinishe mkopo ama asiidhinishe. Hivyo ndivyo watu hukata tamaa wakalipa. Mtu halipi kwa sababu ni mjinga. Analipa kwa sababu amechoka na hana wa kumuuliza.

Kilichoniokoa ni saa. Nilifungua Linux kutoka kwa flashi, nikajaribu kuingia mtandaoni, kila tovuti ikakataa. Nikaangalia kona ya skrini: Januari 2013. Tovuti hukataa kwa sababu vyeti vyao vya usalama vina tarehe, na mashine inayodhani iko 2013 huona vyote ni vya uongo. Na mashine ambayo imesahau leo ni lini imesahau na mipangilio pia. Ndani ya laptopu nyingi za zamani kuna betri ndogo ya duara kama kitufe cha koti, mara nyingi ile ya CR2032. Kazi yake ni kushikilia saa na mipangilio wakati umeme haupo. Ikiisha, kila ukichomoa chaja na betri kubwa haipo, mashine inarudi vile ilitoka kiwandani. Yetu ilitoka kiwandani ikiwa UEFI. Ndio hiyo. Nilihamisha debe barabara ya chini, nikamwambia dereva, na dereva anasahau kila akilala.

Kwa hivyo, Linux ilichoma bodi? Hapana. Linux haikuwa na makosa hata kidogo. Makosa yalikuwa mawili: betri iliyoisha kabla sijaigusa hiyo mashine, na ushauri wangu mbaya.

Wacha nirudie hapo kwa ushauri, kwa sababu vita vyangu vya leo si vya fundi peke yake. Sisi tunaotengeneza video hizi tuna dhambi. Tunawaambia watu wazime hiki, wawashe kile, bila kueleza ni kwa nini. "Weka Legacy" ulikuwa ushauri wa maana zamani, wakati Linux nyingi zilikuwa zinasumbuka na UEFI. Leo Ubuntu na Mint zinawaka kwa UEFI bila shida, na kwa kawaida hata Secure Boot ikiwa imewashwa. Mimi nilikuwa naimba wimbo wa mwaka mwingine. Halafu tunakata video mashine ikiwaka mara ya kwanza. Hakuna anayeposti asubuhi ya pili, kwa sababu asubuhi ya pili haina muziki. Shosho fulani huko Gikondi anaona video, anamwambia mjukuu ajaribu, mashine inagoma, na sisi tushahamia kitu kingine. Ukitoa ushauri, kaa na huyo mtu mpaka asubuhi ya pili. Kama huwezi, usiutoe.

Alhamisi nilifanya kazi vile nilipaswa kuifanya mwanzo. Nilitoa betri kubwa na chaja, nikafungua skrubu za chini, nikapata ile betri ndogo, nikanunua nyingine kwa mia mbili. Kabla ununue fungua kwanza uone, kwa sababu nyingine huchomekwa tu na nyingine huja na waya mbili na plagi ndogo. Halafu nikaiacha mipangilio kama ya kiwandani, UEFI, nikachomeka flashi, na kwa ile menyu nikachagua jina la flashi lililoandikwa UEFI mbele yake. Flashi moja inaweza kuonekana mara mbili kwenye hiyo menyu, na hapo ndipo wengi hupotea. Ukitaka uhakika, fungua dirisha la amri uandike ls /sys/firmware/efi. Ikikuonyesha orodha, uko UEFI. Ikisema hakuna folda kama hiyo, uko Legacy. Nikaweka Mint upya, nikarudisha faili. Sasa hata hiyo betri ikiisha tena, mashine itasahau, itarudi UEFI, na itapata Linux ikiingoja hapo hapo. Weka mfumo mahali mashine itarudi ikisahau kila kitu. Hiyo ndiyo siri yote, na hakuna mtu alinitoza kuijua.

Jumla ya gharama: shilingi mia mbili, na mia tano za fundi ambazo hatutaziona tena. Badala ya elfu ishirini na tatu za mkopo wa chama.

Najua mtaniambia fundi pia ana watoto. Ndiyo, na simchukii. Kuna mafundi hapa kaunti ambao wangefungua hiyo mashine, wakaniita na kunionyesha. Huyo ukimlipa elfu moja kwa kazi ya dakika kumi ni halali yake, kwa sababu unalipia miaka aliyotumia kujua. Ninachokataa ni kulipishwa kwa kutoangaliwa. Daktari hawezi kukuona mlangoni akasema ini limeoza.

Na mtaniambia kuna mashine hufa kweli. Ni kweli. Diski ikianza kugonga tik-tik ndani, hiyo inaelekea kaburini. Usipoona mwanga wala feni kuzunguka, hata ukibadilisha chaja, hapo bodi iko kwa orodha ya washukiwa. Na Linux yenyewe si malaika: Desemba 2017 Ubuntu 17.10 iliondolewa kwa kupakuliwa kwa sababu iliharibu mipangilio ya BIOS kwa baadhi ya laptopu, na ilitolewa upya Januari 2018 ikiwa imerekebishwa. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka muone: walisema wazi kosa ni gani, ni mashine gani, na dawa ni nini. "Linux imeichoma" si maelezo kama hayo. Ni neno la kufunga mazungumzo.

Kwa hivyo nendeni na maswali matatu, na mzazi awe nayo kwa simu yake. Moja: fundi, umejaribu kuiwasha kwa flashi? Mbili: saa ya mashine inasoma tarehe gani? Tatu: niambie ni kitu gani umeona kinachokuambia bodi imekufa. Akijibu yote matatu, mwamini na umlipe. Akikasirika, chukua laptopu yako urudi nyumbani.

Hii kitu ni kubwa kuliko laptopu moja. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 inasema dunia ilitoa tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka wa 2022, na hata robo yake haikurekodiwa kuwa imekusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Kila mara tunaposema "imekufa" bila kuangalia, tunaongeza hapo. Mashine ilitoka Ulaya ikihesabiwa takataka, ikafika hapa ikawa ada na ripoti na diploma, halafu mtu wetu mwenyewe anaihesabu takataka mara ya pili kwa dakika mbili.

Na msiniambie haya ni mambo ya watu wa mbali. Mwaka wa 2004 kule Dar es Salaam watu wa chuo kikuu walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili. Mwaka huo huo ndio Ubuntu ilitoka, ikianzishwa na mtu wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno letu: wao wanasema ubuntu, Waswahili wanasema utu, na shosho wangu anasema ũmũndũ. Mint imejengwa juu ya hiyo. Sasa utu gani huu, ambapo anayejua anamtoza asiyejua kwa sababu tu hajui?

Binamu alipeana ripoti siku moja kabla. Tata bado hajanisamehe kabisa. Anasema wakati mwingine nikitaka kurekodi video nirekodi kwa laptopu yangu. Ni haki yake.

Kama uko Mukurweini, Othaya ama Karatina na kuna laptopu chini ya kitanda waliyokuambia imekufa baada ya kuwekwa Linux, itoe uipanguse vumbi. Jumamosi hii niko nyumbani mchana wote, flashi mbili ziko tayari. Sitarekodi. Na ukifika, hatutafungua skrubu hata moja kabla hatujatoa faili zako.